Tuta, Mkanda, Mfuatano

Kaskazini ya mji wa Malindi, mto Sabaki hufika baharini ukiwa umebeba tope na mchanga kutoka bara, na msimu wa mvua maji ya ghuba hugeuka rangi ya udongo. Mchanga huo haupotei. Mawimbi huurudisha ufukoni, jua huukausha, na upepo wa kusi huuchukua na kuupandisha nchi kavu. Ndiyo maana kati ya mdomo wa Sabaki na Mambrui pana mojawapo ya madarasa mazuri ya jiografia katika pwani ya Kenya. Safu za mchanga zilizo karibu na maji ni tupu au zina majani machache. Ukienda bara, mchanga unavaa: kwanza mitambaazi, kisha nyasi ngumu, kisha vichaka, na baadaye miti.

Mwanafunzi wa sekondari anayepelekwa mahali kama hapa hupewa kazi inayofahamika. Avute kamba kutoka ufukoni kwenda bara, apime mteremko, aandike mimea aliyoikuta, achukue sampuli za ardhi, kisha aeleze ni kwa nini mimea inabadilika hatua kwa hatua. Istilahi za kazi hiyo huzipata darasani kwa Kiingereza, huku njiani akizungumza na wenzake Kiswahili, au Kigiriama. Kinachonishughulisha ni maneno ya Kiswahili ya kazi hiyo, kwa sababu kila istilahi ina dai ndani yake kuhusu kinachotokea pale mchangani. Mwanafunzi aliyepewa neno lenye dai bovu anaweza kupima vizuri na bado akahitimisha vibaya.

Tuanze na lundo lenyewe la mchanga. Vitabu na magazeti hutumia "kilima cha mchanga" na "tuta la mchanga" kana kwamba ni kitu kimoja. Mimi nasimama na tuta. Kilima kipo tangu babu na babu. Huulizi nani alikiweka. Tuta hutengenezwa. Mkulima wa viazi vitamu huliinua kwa jembe, mvua hulibomoa, naye huliinua tena. Anayesikia "tuta" huuliza papo hapo: limeinuliwa na nini? Jibu ndilo mwanzo wa somo. Upepo wa kadiri ya mita 5 kwa sekunde huweza kuanza kurusha chembe za mchanga mkavu. Chembe hurukaruka chini chini, na zikikutana na shina au fungu la majani, upepo hupungua nguvu na mchanga hutua. Mmea ukifukiwa hukua kwenda juu, unazuia mchanga zaidi, na tuta linapanda. Kwa hiyo mmea ni mjenzi wa tuta, na neno lenye kumbukumbu ya kujengwa linamfaa kuliko neno la kitu kilichokuwapo tu. Tena tuta huwa refu na jembamba, nazo safu za mbele huwa hivyo hivyo, zimelala sambamba na bahari.

"Fungu" nalo ni neno zuri la mchanga, lakini mabaharia walishalichukua. Fungu ni mchanga ulioinuka baharini, unaoonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa. Tuliachie kazi yake hiyo. Istilahi mpya isinyang'anye neno ambalo watu wa chombo wanalihitaji.

Swali la pili ni mahali pa kufungia kamba. Hapa Kiswahili kina utajiri ambao mwalimu hana haja ya kuutafuta mbali. "Pwani" lenyewe limetoka kwenye kupwa: ni mahali maji yanapopwa. Kwa asili yake, basi, pwani ni ule ukanda unaofunuliwa na kufunikwa, na tuta liko juu yake. Wavuvi hutofautisha maji mafu, ambayo hupanda na kushuka kidogo, na bamvua, maji makubwa yanayokuja karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Alama ya bamvua ndiyo mwanzo wa kamba. Pale juu bahari huacha mwani, vijiti, makombe na mbegu. Takataka hizo zinapooza hulisha mchanga, na mara nyingi ndipo mche wa kwanza unapoota. Kiingereza kina neno moja kwa mstari huo. Sisi tuseme "mstari wa bamvua", na mwanafunzi atajua mahali pa kuutafuta na pia ni maji yapi yaliyouchora.

Sasa mimea ya kwanza. Katika ghuba ya Malindi mmojawapo ni mtambaazi wenye maua ya zambarau, ambao wataalamu huuita Ipomoea pes-caprae, maana yake mguu wa mbuzi, kwa jinsi jani lake lilivyopasuka mfano wa kwato. Shina lake hutambaa mita nyingi na kutoa mizizi kila kifundo. Pamoja nao kuna nyasi ngumu za mashada, Halopyrum mucronatum. Jina la kwanza limeundwa na maneno ya Kigiriki ya chumvi na ngano. Mimea hii hustahimili chumvi inayorushwa na upepo, mchanga usioshika maji, joto kali na kufukiwa. Tuiiteje kwa pamoja?

Istilahi za Kiingereza za somo hili zimejaa lugha ya utekaji: mimea inafanya ukoloni, inavamia, inatawala. Ukizitafsiri neno kwa neno utapata "mimea walowezi" au "mimea vamizi". Nakataa yote mawili, na sababu zangu si za siasa peke yake. Mlowezi katika kumbukumbu za Kenya ni mtu aliyefika kwenye ardhi ya watu. Mtambaazi wa ufukoni umefika mahali pasipo na mmea, haukumfukuza yeyote. "Vamizi" nalo limeshapata kazi katika Kiswahili cha mazingira: ni mmea mgeni unaoenea na kusonga wenyeji, kama mathenge ulivyofanya Baringo. Tukiliita jani la kwanza la tuta "vamizi", mwanafunzi atadhani inampasa kuling'oa. Na akiling'oa, mchanga utatembea.

Neno linalofaa ni "tangulizi": mimea tangulizi. Mtangulizi hufika kwanza, na neno lenyewe linaashiria kwamba kuna atakayefuata. Aliyewahi kusikia mtu akimtaja mtangulizi wake katika cheo anajua kwamba mtangulizi ni yule ambaye nafasi yake imeshikwa na mwingine. Dai hilo ni sahihi: mimea ya mbele ya tuta mara nyingi haionekani nyuma, penye kivuli na mchanga uliotulia.

Nyuma ya safu za mbele, ghubani humo, kuna vichaka kama Cordia somaliensis. Kwingine kwenye mwambao utakuta mikadi yenye mizizi ya miguu, mikoma, mikindu na mivinje. Kati ya tuta na tuta pana vibonde, na panapokuwa karibu na maji ya chini ya ardhi hapo huwa na unyevu na mimea tofauti kabisa. Mwanafunzi anayevuka yote hayo kwa kamba moja huona kitu kimoja wazi: mimea imejipanga kwa mikanda. Mkanda ni neno la kawaida na ni la haki, kwa sababu husema kinachoonekana na halizidishi.

Hapa ndipo penye kosa kubwa la kazi hii, na ni kosa linalotokana na maneno. Mwanafunzi huona mikanda, akaandika mfuatano. Mkanda ni jambo la mahali: huu uko mbele, ule uko nyuma. Mfuatano ninaouzungumzia ni jambo la wakati: mahali pamoja palikuwa na mtambaazi, pakawa na nyasi, pakawa na kichaka. Lakini "mfuatano" katika Kiswahili cha kila siku hubeba vyote viwili. Watu hufuatana katika foleni na miaka hufuatana katika kalenda. Kwa hiyo tusipokuwa waangalifu, neno lenyewe litamvusha mwanafunzi kutoka mita hadi miaka bila yeye kujua kwamba amevuka.

Wakati mwingine kuvuka huko ni halali. Mwaka 1899, Henry Chandler Cowles wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha uchunguzi wake wa mimea ya matuta ya mchanga kando ya Ziwa Michigan, akiwa amesoma kazi ya Mdenmarki Eugenius Warming, aliyeandika juu ya jamii za mimea mwaka 1895. Ziwa lile lilikuwa limerudi nyuma kwa muda mrefu na kuacha safu za mchanga za umri tofauti. Kutembea kutoka majini kwenda ndani kulikuwa karibu sawa na kutembea kutoka sasa kwenda zamani. Malindi nako, kwa sababu ya mchanga wa Sabaki, ufuko umekuwa ukisogea kuelekea baharini, na sehemu zilizokuwa karibu na maji sasa ziko mbali nayo. Mahali kama hapo umbali unaweza kusimama badala ya umri. Lakini penye ufuko unaoliwa na bahari, mkanda wa mbele unaweza kuwa mabaki ya kichaka cha zamani kilichokatwa na mawimbi. Hapo kuna mkanda bila mfuatano. Mwanafunzi aandike "mikanda" katika matokeo yake, na "mfuatano" katika hoja yake, na kati ya hayo mawili alete ushahidi: ramani ya zamani, picha ya angani, au ushuhuda wa wazee wanaokumbuka maji yalipokuwa yakifika.

Baadhi ya waandishi wametumia "mrithiano" na wengine huenda wakapenda "mpokezano". Ni maneno mazuri, na kila moja lina nadharia ndani yake. Katika mirathi, mrithi hupata alichoacha aliyetangulia. Hilo ndilo hutokea pale mmea wa kwanza unapoacha mboji, kivuli na virutubisho vinavyomwezesha wa pili kuota. Katika kupokezana, kila mmoja ana zamu, na zamu huweza kurudi. Hilo hutokea upepo unapotoboa tuta, mchanga ukawa tupu tena, na mtambaazi ukarejea mahali palipokuwa na kichaka. Lakini mwaka 1977 Joseph Connell na Ralph Slatyer walionyesha kwamba mimea inaweza kufuatana kwa njia tatu: wa kwanza humwandalia wa pili, au wa pili huja tu kwa sababu anastahimili hali ngumu zaidi, bila kuandaliwa wala kuzuiwa, au wa kwanza humzuia wa pili hadi afe au aharibiwe. Niite njia hizo uandalizi, ustahimilivu na uzuiaji. Mrithiano unafaa ile ya kwanza tu. Tukilifanya jina la jambo zima, tutakuwa tumejibu swali kabla ya kulipima.

Mvinje hufundisha hili vizuri. Mizizi yake hushirikiana na bakteria wa jenasi ya Frankia ambao hunasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo huweza kusimama kwenye mchanga fukara na kuutajirisha. Huo ni uandalizi. Majani yake yanayofanana na sindano hudondoka na kurundikana kama zulia zito ambalo miche mingi haiwezi kulipenya. Huo ni uzuiaji, na ni mti ule ule. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti katika machimbo matupu ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyoshika. Sindano zikalala bila kuoza mpaka walipoletwa majongoo, wakazila na kuzigeuza mboji. Baada ya hapo miti mingine ikapata pa kuota, na leo pana msitu. Anayetumia neno "mrithiano" peke yake hataona kazi ya jongoo, kwa kuwa neno lenyewe limekwisha kumwambia kwamba mti hurithisha tu.

Ndiyo sababu napendekeza "mfuatano wa mimea" liwe jina la jumla, kwa sharti kwamba mwalimu aseme mwanzoni ni mfuatano wa wakati. Ni neno pana, na upana huo ndio nguvu yake. Linasema hiki kilikuja baada ya kile, halafu linamwachia mwanafunzi kazi ya kueleza kwa nini.

Jina la hatua ya mwisho linahitaji uangalifu zaidi. Frederic Clements, katika kitabu chake cha 1916, aliona kila mfuatano ukielekea kwenye hali moja ya mwisho inayoamuliwa na hali ya hewa, na akafananisha jamii ya mimea na kiumbe kinachozaliwa na kukomaa. Tafsiri ya haraka ya istilahi yake ni "kilele". Henry Gleason alimpinga mwaka 1926: kila spishi huota pale mbegu yake ilipofika na ilipoweza kuishi, na jamii ya mimea ni mkusanyiko unaobadilika. "Kilele" humfanya mwanafunzi adhani kwamba matuta yote yana safari moja na mwisho mmoja, na kwamba kila mkanda ambao haujaufikia mwisho huo haujakamilika. Nasema "msitu mkomavu" au "kichaka kikomavu", kulingana na kilichopo. Kitu kikomavu kinaweza kuchomwa, kukatwa, kulishwa mifugo na kuanza upya. Bara kidogo ya Mambrui kuna mchanga mwekundu wa Magarini, ambao sehemu yake ni matuta ya upepo ya zamani mno, ya zama za Pliosini. Kusini yake msitu wa Arabuko-Sokoke umesimama juu ya mchanga, mahali pengine mweupe penye miti ya mirihi, mahali pengine mwekundu penye vichaka vizito. Mchanga mmoja haukuzaa msitu mmoja.

Maneno ya vipimo nayo yana mitego yake, na hapa nitakwenda haraka kidogo. Fremu ya mraba ya nusu mita, futi ya kupimia, fito mbili za urefu sawa na klinomita ya kusoma pembe kati yake ni vifaa visivyo na utata. Utata uko kwenye "wingi". Mwanafunzi akiambiwa aandike wingi wa mmea, je, ahesabu mashina au akadirie eneo lililofunikwa? Mtambaazi mmoja unaweza kuingia fremu mara tano kwa mashina matano. Kwa hiyo tuwe na "idadi" kwa vinavyohesabika na "ufuniko" kwa asilimia ya fremu iliyofunikwa, na katika matuta tupime ufuniko. "Aina" vilevile ni neno pana mno. "Spishi" limekwisha kuzoeleka na lifanye kazi yake.

Muhimu kuliko yote ni tofauti ya mchanga na udongo. Shuleni Kenya wengi huita kila kitu mchanga, hata shamba la mahindi. Wengine, wakifuata istilahi ya Kiingereza, huita kila kitu udongo. Kwenye tuta tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe. Safu ya mbele ni mchanga: chembe zisizoshikana, zisizo na mboji, na palipo na vipande vya makombe pH yake huwa juu ya 8. Kwenda bara, mvua huosha chokaa, majani huoza, rangi hugeuka kijivu, unyevu hubaki, na pH hushuka. Mahali fulani kwenye kamba, mchanga umekuwa udongo. Mwanafunzi apime sampuli kavu, aichome, aipime tena. Uzito uliopungua ni wa mboji. Halafu aamue mwenyewe ni wapi neno "udongo" linastahili kuanza. Hakuna zoezi la istilahi lililo bora kuliko hilo.

Anayeuliza faida ya usahihi huu aende Shela, kisiwani Lamu. Matuta yaliyo nyuma ya ufuko wa Shela hupokea mvua na kuichuja hadi chini, ambako maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Visima vya hapo ndivyo vilivyounywesha mji wa Lamu. Mimea hushika tuta, tuta hushika maji, maji hushika mji. Anayechota mchanga wa kujengea, au anayejenga juu ya tuta, anagusa mnyororo huo wote. Mtu anayeona "kichaka" na "mchanga mtupu" haoni cha kulinda. Mtu anayeona mimea tangulizi, tuta linaloinuka na mchanga unaogeuka udongo ana cha kusimulia mbele ya baraza la mji.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande tatu. Walimu wa jiografia, pangeni siku moja kabla ya safari kukubaliana na wanafunzi maneno ya Kiswahili ya kila kitu mtakachopima, hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Wanafunzi, waulizeni wavuvi majina ya maji na pepo, na wasusi wa mikeka majina ya miti, kisha yaandikeni kando ya majina ya Kilatini kabla hayajatoweka. Nanyi wasanifishaji wa istilahi, Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vyetu, msikubali istilahi ya ekolojia mpaka mmeuliza inadai nini kuhusu mmea wenyewe. Tuta, mstari wa bamvua, mimea tangulizi, mkanda, mfuatano, ufuniko, komavu: haya saba yanatosha kuanzia, na yote yalikuwamo katika lugha yetu.